Mashine inayochambua maneno yetu, nani aliyeifundisha Kiswahili?

Na Mwandishi Wetu, Dubai

"ILE pesa nitumie kwenye namba hii, jina litatokea Fulani."

Sina haja ya kumweleza msomaji huu ni ujumbe gani. Kila Mtanzania mwenye simu ya kiganjani amewahi kuupokea, na sisi tulioko ughaibuni tunaupata kwa WhatsApp, tena siku hizi unakuja na shikamoo mwanzoni. Tapeli hakujui wala hakudai. Ametuma kwa watu elfu moja akitumaini kwamba miongoni mwao yumo mmoja ambaye kweli asubuhi ile alikuwa anajiandaa kumtumia mtu pesa.

Binadamu anayeusoma hahitaji hata sekunde mbili kujua ni utapeli. Anatikisa kichwa, anafuta, anaendelea na chai yake. Swali ninalotaka tulizungumze leo ni hili: mashine inajuaje? Na ikikosea, inamkosea nani?

Kazi yenyewe, ya kutazama kitu na kuamua kiingie kapu gani, si ngeni hata kidogo. Mama anayechambua mchele kwenye ungo anaifanya. Mpimaji wa karafuu kule Pemba anaifanya anapoamua gunia hili ni daraja la kwanza na lile ni la tatu. Mhariri wa gazeti anaifanya kila jioni anapogawa habari kurasa. Kilicho kipya ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo sasa imekabidhiwa kompyuta, na kompyuta hiyo haikuandikiwa kanuni na mtu bali ilijifunza kutokana na mifano. Kitu hiki kinauzwa madukani kwa jina la akili bandia. Wengine wanasema akili mnemba, wengine akili unde, na mabingwa wa istilahi wataelewana siku moja.

Zamani programu za kuzuia barua taka ziliandikiwa amri: ukiona neno fulani, zuia. Tapeli akaliacha neno hilo akatumia jingine, "ile hela" badala ya "ile pesa", na mwandishi wa programu akarudi kazini kuandika amri mpya. Mwezi Agosti 2002 mtaalamu wa kompyuta wa huko Marekani, Paul Graham, alichapisha makala iliyowafanya wengi waachane na mtindo huo. Njia aliyoipendekeza ilitumia hesabu ya Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza ambaye andiko lake lilichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya yeye kufariki.

Hesabu yenyewe ni hii, na namba nitakazotoa ni za mfano tu. Chukua meseji 100 za utapeli na 100 za kweli, zote zimeshasomwa na binadamu na kupewa lebo. Maneno "ile pesa" yamo katika 50 za utapeli na 5 za kweli, yaani mara 10 zaidi upande wa matapeli. Maneno "namba hii" yamo katika 60 na 3, mara 20. "Shikamoo" imo katika 2 tu za utapeli na 30 za kweli, yaani mara 15 kwa upande wa watu waungwana. Ikija meseji mpya yenye yote matatu, kompyuta inazidisha 10 kwa 20 inapata 200, inagawa kwa 15, inabaki na 13 na kidogo. Ikiwa meseji za aina zote mbili huingia kwa idadi inayolingana, basi mizani imeelemea utapeli mara 13. Mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza hesabu hiyo. Mashine za leo zina hesabu nzito zaidi kuliko hiyo, lakini msingi haujabadilika. Kuna mifano, kuna lebo, na kuna mtu aliyeziweka lebo zile.

Huyo mtu wa mwisho ndiye anayenishughulisha. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipowataka wananchi waipeleke meseji ya kitapeli kwenye namba 15040, wengi walidhani wanashtaki tu. Kwa macho ya mtu wa kompyuta, kila aliyepeleka meseji pale aliweka lebo: hii ni ya kapu la utapeli. Bibi wa Newala aliyemwomba mjukuu amsaidie kuipeleka amefanya kazi ya ualimu bila kuajiriwa.

Sasa tazama upande wa pili. Mama yako anakuandikia: "Shikamoo nimeitikia, mwanangu, ile pesa tuma kwenye namba hii ya shangazi yako, simu yangu imeingia maji." Maneno yote matatu yamo. Mashine ikiizuia, kuna mtu Mbagala atalala bila dawa, na wewe huku Deira hutajua kwamba uliombwa. Mashine ikiilegezea kamba, tapeli naye anapita mlango huo huo, kwani shikamoo hailipiwi. Hakuna mashine isiyokosea kabisa. Kinachoweza kuchaguliwa ni aina ya kosa litakalovumiliwa zaidi, na uchaguzi huo haufanywi na kompyuta. Unafanywa na mtu ofisini, mara nyingi bara jingine, ambaye hajawahi kumtumia shangazi pesa.

Yote hayo yanachukulia kwamba mashine imeshajua kuwa inasoma Kiswahili. Hata hilo lina historia yake.

Kwa miaka kadhaa mtandao wa Twitter, ambao sasa unaitwa X, ulikuwa ukiona ujumbe wa Kiswahili unajitolea kuutafsiri kutoka Kiindonesia. Wakenya, ambao kwa kelele za mtandaoni hawana mpinzani Afrika Mashariki, walianzisha kampeni yenye alama ya reli iliyosema kwa Kiingereza kwamba Kiswahili si Kiindonesia. Mwaka 2018 mtandao huo ukaanza kukitambua Kiswahili.

Watu walicheka sana wakati ule, lakini ukichunguza, mashine haikuwa imerukwa na akili. Njia ya kawaida ya kutambua lugha ni kukata maneno vipande vya herufi mbilimbili au tatutatu na kuhesabu. Kiswahili kimejaa "ana", "ali", "ama" na "aku". Kiindonesia nacho kimejaa hivyo hivyo. Tena tuna maneno ya safari moja. "Dunia" tumelipata wote kutoka Kiarabu, "bendera" tumelipata wote kutoka Kireno, na meza yetu wao huiita "meja". Kuna na yale yanayofanana kwa bahati tu: kwa Kiindonesia "kuku" ni ukucha, "dua" ni mbili, "dada" ni kifua, na "lima" ni tano. Jaribu kutafsiri kwa njia hiyo ujumbe wa mtu anayemwomba dada yake amchinjie kuku.

Hata hivyo mtu yeyote aliyewahi kuziona lugha hizi mbili anazitofautisha upesi. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, yao mengi huishia na n, ng, k au t, kama "makan", "orang" na "tidak". Mashine ilikuwa na uwezo wa kuona hilo. Kilichokosekana ni kapu. Haikuwa na kapu lililoandikwa Kiswahili, na mashine isiyo na kapu lako haisemi "sijui". Inakutupa kwenye kapu la jirani, na inafanya hivyo kwa kujiamini kabisa.

Hilo la Kiindonesia lilikuwa la kuchekesha. Linalofuata halichekeshi.

Msomaji wa pwani akisikia "madoadoa" anafikiria chui, au kanga iliyomwagikiwa kitu. Katika Bonde la Ufa nchini Kenya, neno hilo limebeba maana nyingine tangu miaka ya 1990: ni watu wa kabila jingine walioishi miongoni mwenu, wanaotakiwa "kuondolewa". Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na redio pamoja na meseji za simu zilikuwa na sehemu yake katika msiba ule. Januari 2022 seneta mmoja alikamatwa kwa kulitamka neno hilo kwenye mkutano wa siasa Eldoret. Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ikaliweka kwenye orodha ya maneno ya chuki.

Julai 2022, wiki chache kabla ya Wakenya kupiga kura, mashirika ya Global Witness na Foxglove yalifanya jaribio. Yalichukua maneno ya chuki yaliyowahi kutumika Kenya kweli, yenye kuwafananisha watu na wanyama na kuhimiza wachinjwe na kubakwa, yakayapeleka Facebook kama matangazo ya kulipia, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Matangazo hayo yaliondolewa na mashirika yenyewe kabla hayajaonekana kwa mtu. Lakini kabla ya hapo yalipaswa kupita kwenye uchunguzi wa Facebook. Ya Kiswahili yalipita. Ya Kiingereza yalikataliwa kwanza, na sababu iliyotolewa ilihusu sarufi na matusi. Waliyatengeneza kidogo sarufi, yakapita nayo.

Soma tena, ndugu msomaji. Kuua kunaruhusiwa, kukosea sarufi hapana. Tena hata huo ugomvi wa sarufi ulikuwa wa Kiingereza tu, Kiswahili hakikupewa heshima hiyo.

Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ilijibu kwamba ina timu za wasemaji wa Kiswahili na teknolojia ya kunasa maneno ya chuki. NCIC iliipa siku saba ijirekebishe au isimamishwe nchini, na mawaziri wa serikali wakasema hakuna kitakachofungwa. Uchaguzi ukapita. Nami sikuwa upande wa kufungia mtandao, nimeona mno namna milango hiyo inavyofungwa kwetu. Ila siwezi kukubali kwamba watu wote wanaozungumza lugha hii walindwe na chujio ambalo halijawahi kukaa nao barazani.

Na dawa ya haraka, yaani kulipiga marufuku neno "madoadoa" lisionekane kokote, ni mbaya vilevile. Fikiria bwana shamba wa Kibaha anayemwandikia mkulima: "Majani yakiwa na madoadoa ya kahawia, ng'oa mche." Huyu hamchukii mtu. Neno lenyewe ni lile lile, na anayeweza kutofautisha ni mtu anayejua nani anasema, wapi, na mwaka gani wa uchaguzi. Mashine inaweza kulijifunza hilo kwa kiasi kikubwa, lakini iwe imepewa maelfu ya mifano ya pande zote mbili, iliyowekwa lebo na watu wa Eldoret na wa Kibaha. Mtu aliyejifunza Kiswahili miezi sita California hataiweza.

Je, kazi ya kuweka lebo haijafika kwetu? Imefika, lakini kwa mlango wa uani. Kampuni ya Sama iliajiri vijana jijini Nairobi kuchuja maudhui ya Facebook, na baadaye kuweka lebo kwenye maandishi machafu kwa ajili ya OpenAI, waliotengeneza ChatGPT. Jarida la Time liliripoti Januari 2023 kwamba vijana wa kazi hii ya pili walikuwa wakiondoka na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, baada ya kushinda wakisoma habari za ubakaji wa watoto na mateso. Aliyefungua mlango wa mashitaka ni Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyefanya kazi hapo Nairobi, aliyeishitaki Meta na Sama Mei 2022. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushitakiwa Kenya. Ninalitaja hili ili mtu asije akaniambia Waswahili hawana uwezo wa kazi hiyo. Uwezo umeshaonekana na umeshanunuliwa, kwa bei ya sahani ya chipsi. Wasichopewa vijana wale ni sauti ya kusema makapu yenyewe yaitweje.

Kuna mahali ambapo jambo hili lilifanywa kwa adabu, na ni vizuri kulisema, kwani sisi waandishi tunapenda kulia kuliko kusifu. Nje kidogo ya Bagamoyo kuna mashamba ya majaribio ya taasisi ya kilimo ya IITA. Huko watafiti walipiga picha za majani ya muhogo, 2,756 kwa hesabu waliyoitoa mwaka 2017, na wataalamu wa mimea walizigawa moja moja: hili lina batobato, hili michirizi ya kahawia, hili limeliwa na utitiri mwekundu, hili utitiri wa kijani, hili lina madoa ya kahawia, na hili ni zima. Kutokana na picha hizo wakaifundisha kompyuta, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani. Iliyozaliwa ni programu ya simu inayoitwa Nuru. Haihitaji intaneti shambani. Mkulima anaielekeza simu kwenye jani, inamwambia.

Sifa yake kubwa machoni pangu ni kwamba waliipima hadharani na wakachapisha matokeo hata yasipopendeza. Kwenye picha zao wenyewe, kompyuta ilipatia zaidi ya mara tisa kwa kumi. Ilipotolewa nje, juani, kwenye simu ya kawaida, na jani lenye dalili hafifu, alama zilishuka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, Nuru ikitazama jani moja ilipatia asilimia 65. Ikionyeshwa majani sita ya mche mmoja ilifika kati ya 74 na 88. Mabwana shamba waliopimwa nao walipata kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Hapo mtu anaweza kuamua kwa akili timamu: tumia simu, lakini usitazame jani moja. Nani ametuchapishia alama za namna hiyo kuhusu mashine inayoamua kwamba ujumbe wako wa Kiswahili umevunja "kanuni za jamii"?

Nirudi kwenye kazi ninayoijua zaidi. Mtanzania mmoja, Davis David, alikusanya habari za Kiswahili kutoka vyombo vya Tanzania na kuziweka wazi kwa yeyote anayetaka kuifundisha kompyuta kuzigawa. Ni kazi ya maana sana na ilihitajika. Makapu aliyoyakuta kwenye vyombo hivyo na kuyatumia ni sita: kitaifa, kimataifa, uchumi, afya, michezo na burudani. Mhariri yeyote ataanza kubisha hapo hapo. Mbwana Samatta alipohamia Aston Villa Januari 2020, habari ile ilikuwa michezo, kimataifa au kitaifa? Kwa namna mitaa ya Dar es Salaam ilivyolipuka siku ile, mimi ningesema kitaifa. Si kosa la mkusanyaji, makapu ya kila gazeti yana utata huo.

Kinachonigusa zaidi ni kapu ambalo halimo. Siasa haina kapu lake. Habari ya mkutano wa chama uliozuiwa na habari ya ng'ombe waliokufa kwa ukame zinaingia zote "kitaifa". Simlaumu aliyekusanya, kwani ndivyo kurasa zetu zilivyo. Lakini mashine itakayofundishwa kwa kurasa hizo itairithi aibu yetu yote. Miaka ambayo magazeti yaliogopa kuandika jambo, mashine nayo itajifunza kwamba jambo hilo halipo.

Na yapo makapu mengine ambayo wenye nguvu wako tayari kuyachora. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018, ambazo baadaye zilibadilishwa mwaka 2020, zilimtaka hata mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni mbili za leseni na ada, na zilikataza, pamoja na mengine, maudhui "yanayoudhi". Kumuudhi nani, halikusemwa. Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kule Arusha ilivikosoa vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na sababu mojawapo ilikuwa maneno yake hayakuwa na mipaka inayoeleweka. Majaji walilalamika kwamba sheria isiyo na maana dhahiri haitekelezeki kwa haki. Mashine hailalamiki. Ipe mifano mia tano ya makala alizoziita mtu mmoja uchochezi, nayo itakutafutia nyingine laki moja zinazofanana nazo kabla ya adhuhuri.

Mimi niko huku kwa sababu kuna mtu aliyeamua kwamba nilichoandika kiingie kapu hilo. Nilimwona kwa macho, nikabishana naye, naye alilazimika kutia sahihi. Barua ile ninayo. Mwandishi kijana aliyeko nyumbani leo, ambaye makala yake haionekani tu kwa wasomaji, hana barua. Hajui kama amezuiwa na mtu, na mashine, au ni mtandao uko chini. Mtandao wa X ulipofungwa Tanzania Mei 2025, na intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29 mwaka huo huo, angalau kila mtu aliona. Uzimaji wa kimya kimya wa makala moja moja ni rahisi zaidi na hauandikwi na mashirika ya habari.

Wengine wataniambia dawa ni kuikimbia teknolojia. Hapana. Ninaishi mji ambao abiria wanapita uhamiaji kwenye uwanja wa ndege kwa kutazamwa uso na lango, na nchi hii ilimteua waziri wa akili bandia tangu Oktoba 2017. Waarabu waliona kwamba mashine kubwa za lugha zinasema Kiingereza vizuri na Kiarabu kwa kubabaisha. Hawakuandika kampeni mtandaoni wakaishia hapo. Agosti 2023 Abu Dhabi walitoa mfumo wao wa lugha wa Kiarabu na Kiingereza, wakauita Jais, jina la mlima mrefu kuliko yote nchini humu, na wakauacha wazi watu wautumie. Najua wana mafuta. Lakini walianza kwa jambo lisilohitaji kisima cha mafuta: walikusanya maandishi ya lugha yao.

Sisi je? Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili lugha yake ya kazi Februari 2022. UNESCO ilitupa Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Siku hiyo kuna ngoma, kuna mavazi, kuna hotuba za mabalozi. Ukiutafuta mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili uliopangwa kwa ajili ya kompyuta, mmoja wa ile mikubwa na ya zamani uko Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, wenye maneno takriban milioni 25, mengi yakiwa yametoka kwenye magazeti yetu wenyewe. Nawashukuru Wafini kwa dhati. Wametunza yale ambayo sisi tulifungia maandazi.

Kazi iliyo mbele haina ajabu. Magazeti yana maktaba za miaka 40 na zaidi, wayaruhusu yasomwe na kuwekwa lebo na watu wanaolipwa mshahara wa kuishi. Vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi, SUZA na Makerere vina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Kampuni zinazochuja Kiswahili zilazimishwe kuchapisha alama zao kama walivyofanya watu wa muhogo, na anayefutiwa ujumbe aambiwe kapu gani alilotiwa na apewe binadamu wa kumkatia rufaa, tena binadamu anayejua Kiswahili. Vijana wameshaanza. Mtandao wa watafiti wa Masakhane umekusanya watu wa lugha za Afrika toka nchi nyingi, na mwaka 2023 ulitoka mkusanyo wa AfriSenti, wenye jumbe zaidi ya 110,000 za Twitter katika lugha 14 za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, ambao lebo zake ziliwekwa na wenye lugha wenyewe: huu umesifu, huu umeponda, huu hauko popote.

Ukidhani hiyo ni kazi nyepesi, chukua sentensi hii moja: "Huyu dogo ni hatari." Juzi niliwapa watu wanne tuliokuwa tunasubiri gari pale Naif. Wa Dar es Salaam alisema ni sifa, tena kubwa, huyo atakuwa mshambuliaji. Bibi mmoja wa Lamu alisema mtoto huyo apelekwe kwa wazee wake wamwonye. Wa Bukavu aliuliza kwanza dogo ni nani. Wa Nairobi alisema inategemea kama aliyeandika ni polisi.